Ramani za maada ya giza katika makundi ya galaksi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeona zile picha za galaksi zilizofunikwa na wingu la buluu akataka kujua wingu hilo limetoka wapi, na pia kwa mwanafunzi anayetaka kuchora ramani yake mwenyewe. Maswali ya upimaji wa maumbo yamejibiwa kwa urefu kuliko mengine, maana huko ndiko ramani nyingi zinakoharibikia.

## Ile rangi ya buluu ndiyo maada ya giza yenyewe?

Hapana. Rangi hiyo imepakwa na mtengenezaji wa picha kuonyesha mahali ambapo hesabu zimekuta masi imejaa. Maada ya giza haitoi nuru, haiinyonyi wala haiiakisi, kwa hiyo hakuna kamera inayoweza kuipiga picha. Zinazopigwa picha ni galaksi zilizo mbali nyuma ya kundi. Nuru yao ikipita kwenye uvutano wa kundi hupinda, na maumbo yao yakifika kwetu yameshapotoka. Nahodha anayeingia mlango wa bahari asioujua hauoni mwamba ulio chini ya maji. Anautambua kwa namna wimbi linavyopasuka juu yake. Kazi yetu ni hiyohiyo, ila wimbi letu ni dogo sana na inabidi kuyahesabu mawimbi maelfu kabla ya kusema mwamba uko wapi.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau: buluu hiyo huonyesha masi yote, yaani maada ya giza pamoja na gesi na nyota. Uvutano haubagui. Anayetaka sehemu ya giza peke yake lazima aondoe zile nyingine kwa vipimo tofauti.

## Tulijuaje kwamba kuna kitu kisichoonekana, kabla hata ya ramani hizi?

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima kasi za galaksi katika kundi la Coma akakuta zinakwenda mbio mno. Kwa masi ya nyota zinazoonekana, kundi lile lingekuwa limeshatawanyika zamani. Mwaka 1937 mtu huyohuyo aliandika kwamba galaksi zingeweza kutumika kama lenzi, yaani kuipinda nuru ya vitu vilivyo nyuma yake, nusu karne kabla ya chombo chochote kuweza kulionyesha hilo katika makundi.

Baadaye satelaiti za eksirei zilionyesha kwamba makundi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, kati ya milioni 10 na milioni 100, na kwamba gesi hiyo nayo ingetoroka kama uvutano ungekuwa wa nyota tu. Lenzi ni shahidi wa tatu. Uzito wa ushahidi wake uko hapa: hauulizi kama kundi limetulia au linavurugika. Kasi za galaksi na joto la gesi vinahitaji tudhani kwamba kundi liko katika mizani. Nuru hupinda kwa masi iliyopo, itulie isitulie. Kwa kundi kubwa, hesabu huishia karibu na asilimia 85 maada ya giza, gesi asilimia 10 hadi 15, na nyota asilimia chache tu.

## Nuru hupindwa kiasi gani?

Kidogo sana. Inapopita ukingoni mwa Jua hupinda kwa sekunde za tao 1.75, na sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Pembe hiyo ndiyo iliyopimwa wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919, kikosi kimoja kikiwa Sobral, Brazil, na kingine, cha Arthur Eddington, kwenye kisiwa cha Príncipe upande wa magharibi wa Afrika.

Kundi kubwa la galaksi hufikisha makumi ya sekunde za tao. Kwa makadirio ya haraka, chukua mtawanyiko wa kasi za galaksi ndani ya kundi. Ukiwa kilomita 1,000 kwa sekunde, nusukipenyo cha duara la Einstein (pete ambayo nuru ya chanzo kilicho nyuma kabisa ya kitovu cha kundi ingeifanya) ni sekunde za tao 28.8, zidisha kwa uwiano wa umbali kutoka lenzi hadi chanzo kwa umbali kutoka kwetu hadi chanzo. Pembe hufuata kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiwa maradufu, pembe huwa mara nne.

## Kutoka pembe hadi masi tunafikaje?

Kuna kipimo kinachoitwa msongamano wa mpaka, yaani kiasi cha masi kwa eneo kinachotosha kuigawa nuru ya chanzo kimoja iwe picha kadhaa. Hutegemea umbali tu: wa lenzi, wa chanzo, na ulio kati yao. Kwa kundi lenye mhamo mwekundu 0.3 (mhamo ni kiasi ambacho nuru imevutika kuelekea nyekundu, na ukiwa mkubwa kitu kiko mbali zaidi) na galaksi ya nyuma yenye mhamo 2, kipimo hicho ni kama gramu 0.5 kwa sentimita mraba, sawa na maji yenye kina cha milimita 5. Ni tabaka jembamba kuliko maji yanayobaki sakafuni baada ya kudeki, ila limetandazwa kwenye eneo la malaki ya miaka ya nuru.

Tuseme duara la Einstein lina nusukipenyo cha sekunde za tao 30. Kwa umbali wa kundi letu la mfano, hiyo ni takriban miaka ya nuru 440,000. Zidisha eneo la duara kwa msongamano wa mpaka, utapata masi ya majua trilioni 130 hivi ndani ya duara. Hapa hakuna dhana kuhusu gesi wala nyota, na ndiyo maana masi ya ndani ya duara la Einstein ni namba imara kuliko zote katika kazi hii. Ukitoka nje ya duara, uhakika huo hupungua.

## Lenzi kali na lenzi hafifu zinatofautianaje?

Lenzi kali hutokea katikati ya kundi, ambako masi imeuvuka msongamano wa mpaka. Huko galaksi moja ya nyuma huonekana mara tatu, mara tano au zaidi, na nyingine huvutwa ikawa tao refu. Matao makubwa ya kwanza yalitangazwa katikati ya miaka ya 1980 katika makundi ya Abell 370 na Cl 2244-02, na kwa muda hakuna aliyekuwa na hakika ni kitu gani. Spektra ya tao la Abell 370, yaani nuru yake iliyotawanywa kwa rangi zake, ndiyo iliyomaliza ubishi: kundi lina mhamo 0.375, tao lina mhamo wa karibu 0.72. Tao liko mbali sana nyuma ya kundi, haliwezi kuwa sehemu yake.

Lenzi hafifu hufanya kazi kuanzia ukingo wa eneo hilo hadi mamilioni ya miaka ya nuru kutoka katikati. Huko kila galaksi huvutwa kwa asilimia chache tu, na huwezi kuitazama moja ukasema imevutwa. Dalili hupatikana kwa wastani wa nyingi. Anthony Tyson na wenzake waliionyesha mara ya kwanza katika makundi mwaka 1990, na mwaka 1993 Nick Kaiser na Gordon Squires wakatoa hesabu ya kugeuza maumbo kuwa ramani ya masi. Ramani nzuri ya leo huunganisha zote mbili, kali kwa ajili ya kitovu na hafifu kwa ajili ya pembezoni.

## Kwa nini galaksi nyingi kiasi hicho?

Kwa sababu galaksi hazikuzaliwa duara. Fikiria mashua zilizotia nanga bandarini siku isiyo na mkondo: kila moja imeelekea kwake. Mkondo dhaifu ukianza, hakuna mashua moja itakayokuambia, ila ukichukua wastani wa mia kadhaa utaona zimeanza kugeukia upande mmoja.

Kwa namba: umbo la asili la galaksi hutawanyika kwa kiasi cha 0.3 kwa kila kijenzi cha uduaradufu, yaani kila moja ya namba mbili zinazoeleza umbo limerefuka kiasi gani na kuelekea wapi. Mnyoosho unaosababishwa na kundi lenye duara la Einstein la sekunde 30 ni kama 0.05 ukiwa dakika 5 za tao kutoka katikati (dakika moja ya tao ni sekunde 60 za tao), na 0.025 ukiwa dakika 10. Galaksi 100 zinakupa kosa la 0.03, ambalo ni sawa na kutoona kitu. Galaksi 900 zinakupa 0.01, na hapo dalili inaanza kusimama.

Ndiyo sababu ya kupigania kina cha picha. Darubini ya ardhini yenye anga tulivu hutoa galaksi 10 hadi 20 zinazofaa kwa kila dakika mraba ya tao. Hubble hutoa 50 hadi 100. Ukitaka kosa lilelile, kisanduku cha ramani ya ardhini lazima kiwe na upande mara mbili au zaidi ya kile cha Hubble, kwa hiyo vilima vidogo vya masi huyeyuka ndani yake. Mtu akikuonyesha ramani ya ardhini yenye vilima vingi vyembamba, muulize amelainisha kwa upana gani na kila kisanduku kina galaksi ngapi.

## Nahitaji data gani?

Kwa lenzi hafifu: picha ya kina kwa angalau kichujio kimoja chenye doa dogo (doa ni umbo ambalo nukta ya nuru hulipata kwenye picha), ambayo ndiyo ya kupimia maumbo, pamoja na picha za vichujio vingine vinne au vitano vya kukadiria umbali wa kila galaksi kwa rangi zake. Eneo liwe pana. Kamera ya ACS ya Hubble huona mraba wenye upande wa dakika 3.4 za tao tu, na kwa kundi la karibu hilo ni dirisha dogo mno. Inabidi kuunga fremu nyingi au kuongeza picha za ardhini, mfano za darubini ya Subaru.

Kwa lenzi kali: picha za rangi nyingi za kitovu, na spektra. Chombo cha MUSE kwenye darubini ya VLT, Chile, kimebadilisha kazi hii, kwani hutoa spektra ya kila kitu kilicho ndani ya mraba wa dakika moja ya tao bila kuchagua kwanza ni galaksi ipi. Huku Afrika, darubini ya SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, imetumika kupima mihamo miekundu ya galaksi za makundi yaliyogunduliwa na Atacama Cosmology Telescope. Mihamo ya galaksi za kundi lenyewe inahitajika pia, la sivyo hutajua nani mwenyeji na nani mpita njia.

## Hatua za lenzi hafifu ni zipi, kwa mpangilio?

Anza kwa kutambua vitu kwenye picha kwa SExtractor au programu ya aina hiyo. Tenganisha nyota na galaksi kwa mchoro wa mng'ao dhidi ya ukubwa: nyota hujipanga kwenye mstari mwembamba kwa sababu zote zina ukubwa wa doa la darubini. Ondoa zilizojaza pikseli, zilizo kwenye ukingo wa fremu, na zote zilizo karibu na miiba ya nuru ya nyota angavu.

Kisha tengeneza modeli ya doa, yaani umbo ambalo darubini na anga hulipa kitu kilichopaswa kuwa nukta. Doa lisilo duara hunyoosha kila galaksi kuelekea upande mmoja, na huo ni mnyoosho wa uongo ulio mkubwa mara nyingi kuliko wa kweli. Tumia nyota za fremu hiyohiyo. Kwenye fremu moja ya Hubble mbali na Njia Nyeupe utapata nyota chache tu, kwa hiyo watu hutumia maktaba ya madoa yaliyopimwa kwenye mafundo ya nyota, wakilichagua linalofanana, maana darubini hupanuka na kusinyaa inapoingia na kutoka kwenye kivuli cha Dunia na fokasi yake hubadilika.

Pima maumbo. Njia ya zamani ni ya Kaiser, Squires na Broadhurst ya mwaka 1995, inayotumia momenti za mng'ao. Za sasa hulinganisha modeli ya galaksi iliyopitishwa kwenye doa, au huinyoosha picha yenyewe kwa kiasi kinachojulikana na kuona kipimo kimebadilika vipi. Yoyote utakayotumia, isahihishe kwa picha za kubuni zilizotengenezwa kwa GalSim, ambamo mnyoosho wa kweli unaujua. Galaksi dhaifu hupimwa kwa upendeleo, yaani kosa linaloelemea upande mmoja, na galaksi zilizopandana huharibu vipimo vya kila mmoja. Upendeleo wa asilimia 5 kwenye mnyoosho huingia kwenye masi kwa kiasi kilekile au zaidi.

Chagua galaksi za nyuma, pitisha maumbo kwenye hesabu ya kugeuza, lainisha, na mwishoni linganisha na wasifu wa masi, yaani kanuni ya jinsi masi inavyopungua kutoka kitovuni, kwa kawaida ule wa Navarro, Frenk na White.

## Ramani yangu imetoka ya ajabu. Nianze kuangalia wapi?

Kama mahali pa kilele pana shimo, au kilele kimehama upande, kosa karibu kila mara ni alama. Mhimili wa longitudo ya angani huongezeka kuelekea kushoto, ilhali pikseli huongezeka kuelekea kulia, na kijenzi cha pili cha uduaradufu hugeuka alama usipolisawazisha hilo. Dawa yake: tengeneza katalogi ya uongo yenye lenzi moja mahali unapopajua, uipitishe kwenye programu yako nzima. Ni kazi ya saa moja na huokoa wiki.

Kama masi ya kitovu ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa, shuku galaksi za kundi zilizojificha miongoni mwa za nyuma. Hizo hazijanyooshwa, kwa hiyo hupunguza wastani. Zikiwa asilimia 20 ya orodha, mnyoosho hushuka kwa asilimia 20, na huzidi kuwa nyingi kadiri unavyokaribia kitovu. Kuondoa galaksi nyekundu peke yake hakutoshi, kwani kundi lina galaksi za buluu pia. Njia salama ni kubaki na zile nyekundu kuliko mstari wa kundi, pamoja na za buluu sana zilizo dhaifu, na kuangalia kama idadi yao inapanda kuelekea katikati. Ikipanda, bado una wageni.

Kosa jingine la katikati: kinachopimwa si mnyoosho wenyewe bali mnyoosho uliogawanywa kwa moja kutoa msongamano, huo msongamano ukiwa umehesabiwa kwa kipimo cha mpaka. Pembezoni tofauti ni ndogo. Msongamano ukifika 0.3 kosa ni zaidi ya asilimia 40.

Vilima vinavyojipanga kwenye kingo za fremu hutokana na hesabu ya Fourier, inayodhani picha inajirudia pande zote. Ongeza sifuri kuzunguka fremu, kisha usiamini chochote kilicho karibu na ukingo. Na kama ni data ya Hubble yenye mnyoosho unaofuata safu za kigunduzi, tatizo ni mionzi ya angani: imetoboa kigunduzi kwa miaka, elektroni hunaswa njiani zikisomwa, na kila galaksi huachiwa mkia. Mkia huwa mrefu zaidi kwa galaksi dhaifu zilizo mbali na kisomeo. Lazima usahihishwe kwenye picha ghafi kabla ya hatua nyingine yoyote. Baadaye haiwezekani tena.

## Nitajuaje kilima ni cha kweli?

Zungusha kila umbo kwa digrii 45 uchore ramani tena. Uvutano hauwezi kutoa mchoro huo, kwa hiyo ramani hiyo ibaki kelele tupu. Ikiwa na vilima vyenye urefu sawa na vya ramani yako, una kosa la kimfumo. Kisha changanya mielekeo ya galaksi bila mpangilio mara 1,000 na uone ni mara ngapi kelele peke yake inatoa kilima kama chako. Mwishowe chora ramani kwa nusu ya galaksi, halafu kwa nusu nyingine. Ramani isiyokuja na majaribio haya ni ya kutazama tu, si ya kujengea hoja.

## Kwenye lenzi kali, picha za chanzo kimoja hutambuliwaje?

Lenzi haibadilishi rangi, kwa hiyo picha za chanzo kimoja lazima zifanane rangi katika vichujio vyote. Hubadilisha upande: picha mbili zilizo pande mbili za mstari wa mpaka (mstari ambao juu yake ukuzaji wa lenzi ni mkubwa mno) hutazamana kama mtu na kioo, hivyo fundo angavu lililo kulia kwenye moja liwe kushoto kwenye nyingine. Na lazima ziwe na mhamo mwekundu mmoja. Masharti mawili ya kwanza hutoa wagombea, la tatu ndilo hukumu. Kuunganisha picha mbili zisizo za chanzo kimoja ni kosa baya kuliko kuacha picha kumi, sababu modeli itajipinda kulikidhi na itabuni masi mahali ambapo haipo.

Katika MACS J0416.1-2403, mojawapo ya makundi sita ya mradi wa Frontier Fields wa Hubble, kuna zaidi ya picha 200 zilizothibitishwa kwa spektra. Kundi la kawaida lina picha chache tu.

## Modeli hujengwaje kutoka hapo?

Njia ya kwanza, kama ya Lenstool au GLAFIC, huweka wingu moja au mawili makubwa ya masi, na juu yake galaksi za kundi, kila moja ikipewa masi kulingana na mng'ao wake kwa kanuni moja ili vigezo visiwe mamia. Programu hutafuta vigezo vinavyozirudisha picha zote mahali pake. Anza kwa kulinganisha kwenye bapa la chanzo, yaani mahali galaksi ya nyuma ilipo kweli, kwani ni haraka, kisha malizia kwenye bapa la picha, yaani mahali tunapoziona, ambako ni polepole lakini ndiko kwenye haki. Modeli nzuri hukosea mahali pa picha kwa wastani wa nusu sekunde ya tao hivi, ilhali Hubble hupima mahali hapo kwa usahihi mkubwa zaidi ya huo. Pengo hilo linatuambia kwamba masi ina mikunjo ambayo modeli haijaikamata.

Njia ya pili, kama ya GRALE, haidhani kwamba masi inafuata nuru. Hugawa anga katika vipande na kuacha picha ziamue. Ina uhuru zaidi, na kelele zaidi pia. Zote mbili zinapokubaliana juu ya kilima, kiamini.

Kishawishi cha kila mjenzi ni kuongeza wingu jingine ili kosa lipungue. Litapungua daima. Ficha mfumo mmoja wa picha, jenga modeli bila huo, halafu uone kama modeli inautabiri. Anga lenyewe liliwahi kutoa mtihani wa namna hiyo: Novemba 2014 supanova (nyota iliyolipuka) iliyopewa jina Refsdal ilionekana mara nne nyuma ya MACS J1149.5+2223, timu kadhaa zikachapisha utabiri wa lini na wapi picha ya tano ingejitokeza, na Desemba 2015 ikatokea ndani ya muda na mahali palipotabiriwa na baadhi yao.

## Shuka la masi ni nini, na linaharibuje matokeo?

Chukua ramani yoyote, ipunguze kwa kiwango fulani, kisha tandika juu yake shuka la masi lenye msongamano sawa kila mahali. Maumbo ya galaksi yatabaki vilevile. Kwa hiyo maumbo peke yake hayawezi kutofautisha kundi zito na kundi jepesi lililofunikwa na shuka. Tiba ni tatu: eneo pana ambalo pembezoni mwake masi inajulikana kuwa karibu sifuri, vyanzo vya umbali tofauti, kwani shuka moja haliwezi kuwaridhisha wote, au kipimo cha ukuzaji wenyewe, mfano supanova yenye mng'ao unaojulikana. Kwenye dirisha dogo lenye vyanzo vya umbali mmoja, sema wazi kwamba umepima tofauti za masi kati ya sehemu na sehemu.

## Kwa nini Kundi la Risasi linatajwa kila mara?

Kwa sababu linatenganisha vitu ambavyo kwa kawaida hukaa pamoja. Kundi hilo, 1E 0657-558, lenye mhamo 0.296, ni makundi mawili yaliyopitiana. Gesi zao ziligongana zikabaki nyuma katikati, ya kundi dogo ikiwa na umbo la ncha ya risasi kwenye picha ya eksirei ya satelaiti ya Chandra. Galaksi zilipita bila kugusana. Gesi ina masi mara kadhaa kuliko nyota, kwa hiyo kama maada ya giza isingekuwepo, vilele vya lenzi vingekuwa juu ya gesi. Ramani ya Douglas Clowe na wenzake ya mwaka 2006 ilivikuta juu ya galaksi, mbali na gesi kwa uhakika wa kitakwimu wa sigma 8.

Kubadilisha sheria ya uvutano peke yake hakulielezi hili kwa urahisi, maana uvutano wowote ungetarajiwa kuelekea kwenye maada nyingi zaidi inayoonekana. Wanaofuata njia hiyo hulazimika kuongeza maada nyingine isiyoonekana. Kundi hili pia huonyesha kwamba maada ya giza haigongani yenyewe kwa yenyewe sana: kikomo cha eneo la kugongana kutokana na Kundi la Risasi ni kama sentimita mraba 1 kwa kila gramu ya maada ya giza, na utafiti wa mwaka 2015 uliojumuisha migongano 72 ulikishusha hadi 0.47.

## Je, ramani ziliwahi kupotosha?

Ndiyo, na visa hivyo vinafundisha kuliko mafanikio. Katika Abell 3827 ilitangazwa mwaka 2015 kwamba maada ya giza ya galaksi moja imebaki nyuma ya nyota zake, dalili ambayo ingekuwa ya kwanza ya maada ya giza kugusana. Mwaka 2018 timu ileile, ikiwa na data ya darubini ya redio ya ALMA, ilizitambua upya picha za tao. Tofauti ile ikatoweka. Walichapisha wenyewe, jambo la kuheshimiwa. Katika Abell 520 timu moja iliona kilima cha giza kisicho na galaksi, nyingine ikitumia picha za Hubble haikukiona, na mjadala ukaishia kwenye mambo yaleyale ya juu: ni galaksi zipi zimechaguliwa, na mikia ya kigunduzi imesahihishwa vipi.

Kuna upotoshaji mwingine usio kosa la mtu. Lenzi hujumlisha masi yote kwenye mstari wa kuona. Kundi lenye umbo la yai likituelekezea ncha huonekana zito kuliko lilivyo, na kundi jingine dogo nyuma yake huongezwa humohumo. Kwa kundi mojamoja hilo huleta kosa la asilimia 20 hivi hata data ikiwa kamilifu. Kwa wastani wa makundi mamia, hupungua.

## Darubini mpya zitaongeza nini?

Darubini ya anga ya Webb imeshaongeza idadi ya picha zilizozidishwa kwenye vitovu. Picha yake ya kwanza ya kina, ya Julai 2022, ilikuwa ya kundi SMACS 0723 lenye mhamo 0.39. Euclid, iliyorushwa tarehe 1 Julai 2023, ina kioo cha mita 1.2 tu, ila itapita theluthi moja ya anga, ikilenga galaksi 30 zinazofaa kwa dakika mraba. Rubin, yenye kioo cha mita 8.4 juu ya Cerro Pachón, Chile, ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Kwa wingi huo wa galaksi kelele haitakuwa tena tatizo kuu. Upendeleo wa vipimo ndio utakaotawala, na ndiyo maana mahitaji ya Euclid ni kuujua kwa kiwango cha elfu mbili kwa milioni.

Swali lililo wazi na la kusisimua ni la vilima vidogo. Mwaka 2020 Massimo Meneghetti na wenzake walionyesha kwamba galaksi za ndani ya makundi hutoa lenzi kali ndogondogo kwa wingi zaidi ya mara kumi ya zinavyofanya katika maigizo ya kompyuta. Ama maigizo yana kasoro, ama kuna kitu hatujakielewa kuhusu maada ya giza.

## Nina kompyuta ya kawaida. Naweza kuanzia wapi?

Anzia kwa ramani zilizokwisha kutengenezwa. Hifadhi ya MAST inatoa bure picha za Frontier Fields pamoja na modeli za timu mbalimbali kwa kila moja ya makundi sita: faili za msongamano, za mnyoosho na za ukuzaji. Zifungue kwa Python na maktaba ya Astropy.

Angalia jambo moja kabla ya kitu chochote: faili za msongamano na mnyoosho zimewekwa kwa uwiano wa umbali ulio sawa na 1, yaani kana kwamba chanzo kiko mbali bila mwisho. Zizidishe kwanza kwa uwiano halisi wa chanzo chako, ndipo uhesabu ukuzaji, ambao ni moja gawanya kwa tofauti hii nzima: mraba wa (1 kutoa msongamano) kutoa mraba wa mnyoosho. Anayeruka hatua hiyo hupata mstari wa mpaka mahali pasipo pake na hushangaa kwa nini tao halilingani nao.

Chukua Abell 370, hesabu mstari wa mpaka wa tao lake kubwa kwa modeli tatu za timu tofauti, na uichore mistari hiyo juu ya picha. Karibu na tao zitapishana kidogo. Nenda nje, sehemu isiyo na picha zilizozidishwa, utaona zinaachana. Hapo ndipo data ilipokwisha na dhana za kila timu zilipoanza.